Kibofu cha haraka: kifaa cha kuvaa kifundoni kinafanya nini, na kinamfaa nani

Mwezi uliopita, baada ya kipindi cha afya cha asubuhi, tulipokea ujumbe mrefu wa simu kutoka kwa mama mmoja anayeuza dagaa mnadani. Alianza kwa kutuomba tusimtaje jina hewani. Akaeleza kwamba ana miaka mitatu hapandi basi la kwenda mjini bila kujinyima maji tangu jana yake. Mnadani hupanga dagaa zake karibu na choo, hata kama wateja hawapiti upande huo. Usiku huamka mara nne au tano. Mkojo ukimbana haumpi nafasi hata ya kufunika beseni, na mara nyingine humtoka kabla hajafika.

Swali lake lilikuwa hili. Mtoto wa dada yake alimwonyesha kwenye simu video ya watu wa Marekani waliovaa mkanda kwenye kifundo cha mguu, mkanda unaopitisha umeme mdogo, wakisema umewatuliza kibofu. Siku chache baadaye akatokea mtu wa kumwambia anaweza kumletea "ule ule", mradi atangulize pesa. Mama alikuwa ameshapata mnunuzi wa mbuzi wake wawili. Je, auze?

Tulimjibu siku hiyo hiyo asiuze kwanza. Tulipoisoma sehemu ya swali lake hewani, bila jina, ujumbe ulikuja mwingi kuliko siku ya kilimo cha alizeti, na wengi walianza kwa maneno "mimi pia". Ndiyo maana tumeandika maelezo haya, ili yeyote ayasome kwa utulivu kwenye simu yake bila mtu kumchungulia.

Haraka isiyo ya kawaida

Kibofu ni mfuko wa misuli. Kwa mtu mzima hubeba takriban mililita 300 hadi 500, yaani kama chupa ndogo ya maji ya dukani. Figo hushusha mkojo kidogo kidogo, na kibofu hulegea kuupokea. Kikianza kujaa, mishipa ya fahamu hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo na ubongo, na ubongo hujibu: subiri, bado tuko kanisani, bado tuko safarini. Mtu mzima mwenye kibofu kizima anaweza kusubiri.

Katika hali tunayoizungumzia, misuli ya kibofu hujikaza kabla mfuko haujajaa, au taarifa hufika kwa kelele kubwa kuliko inavyostahili. Dalili yake kuu ni ile haraka: hamu ya kukojoa inayokuja ghafla na isiyokubali kucheleweshwa. Huandamana na kwenda chooni mara nyingi mchana, kuamka usiku, na kwa baadhi ya watu mkojo kutoka njiani. Wataalamu huiita kibofu kinachofanya kazi kupita kiasi. Sisi redioni tumezoea kusema kibofu cha haraka, na hapa tutaliendeleza jina hilo.

Wengi hutuuliza ni mara ngapi ndiyo nyingi. Kipimo kinachotumiwa sana ni mara nane au zaidi kwa saa 24, lakini anayekunywa chai vikombe sita kwa siku hawezi kujilinganisha na asiyekunywa. Haraka inaeleza zaidi kuliko hesabu. Hali hii huwapata wanawake na wanaume, na huongezeka kadiri umri unavyosogea, ila si kweli kwamba ni uzee tu na hakuna la kufanya. Wala haitokani na kurogwa, au na mambo ya ujanani, kama baadhi ya jumbe zilivyodai.

Vijijini jambo hili lina uzito ambao watengenezaji wa vifaa pengine hawaufikirii. Choo kiko nje, mita ishirini au thelathini kutoka mlangoni, na usiku hakuna taa. Mzee anayetoka mara nne anapita kwenye utelezi na giza mara nane, kwenda na kurudi. Msikilizaji mmoja alitueleza kwamba baba yake alivunjika nyonga katika safari ya namna hiyo. Kwa hiyo kabla ya lolote: ndoo yenye mfuniko ndani ya chumba cha mgonjwa si aibu, na tochi iwekwe pale mkono unapofika.

Mguu na kibofu vinahusianaje?

Video ile haikuwa ya uongo. Vifaa hivyo vipo, na nyuma yake kuna kazi ya miaka mingi.

Gusa upande wa ndani wa mguu wako, pale mfupa wa kifundo ulipochomoza. Panda juu vidole vitatu, kisha sogea nyuma kidogo ya mfupa wa muundi. Hapo unapita mshipa wa fahamu unaoitwa neva ya tibia, unaoshuka hadi unyayoni. Ukiufuata kwenda juu, unapita nyuma ya goti, pajani na kwenye makalio, kisha unaingia sehemu ya chini ya uti wa mgongo. Neva zinazoongoza kibofu nazo huingia eneo hilo hilo.

Fikiria mnara mmoja wa simu unaohudumia vijiji viwili. Kijiji cha kibofu kinapiga simu ovyo, kila dakika dharura. Mapigo madogo na ya mpangilio kutoka kijiji cha mguuni hubadilisha namna mnara unavyozishughulikia simu zile, na kelele hupungua. Mfano huu si kamili. Watafiti wenyewe bado wanabishana kama kinachotulia zaidi ni uti wa mgongo au ubongo. Lakini njia ya neva inajulikana vizuri.

Mwaka 1983 daktari wa Marekani, Edward McGuire, aliandika kuhusu wagonjwa aliowawekea pedi za umeme mguuni ili kutuliza kibofu. Baadaye Marshall Stoller wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, aliendeleza njia ya kutumia sindano nyembamba sana iliyounganishwa na kifaa cha umeme mdogo. Sehemu inapochomwa sindano hiyo iko karibu na mahali ambapo waganga wa Kichina wa tiba ya sindano wamekuwa wakipatumia kwa matatizo ya mkojo tangu zamani. Mwaka 2000 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu tiba ya sindano ya kifundoni. Mgonjwa huenda kliniki mara moja kwa wiki, hukaa dakika 30, kwa wiki 12. Akipata nafuu huendelea kurudi mara kwa mara, kwa kawaida mara moja kwa mwezi hivi, ili nafuu isipotee.

Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kuvaa nyumbani. Safari 12 za kliniki ni mzigo hata kwa mtu wa mjini Marekani mwenye gari. Kampuni ya Avation Medical ya Columbus, Ohio, ilitengeneza mkanda unaoitwa Vivally, ambao FDA iliuruhusu mwaka 2023. Hauna sindano. Mgonjwa huuvaa kifundoni kwa dakika 30, na unapitisha mapigo kupitia ngozi. Ndani yake kuna vipimo vinavyosikiliza kama neva imeitikia, halafu kifaa kinarekebisha nguvu yake. Huunganishwa na programu ya simu, ambamo mgonjwa pia huandika amekojoa saa ngapi. Kwao huko hutolewa kwa cheti cha daktari. Kipo kingine kiitwacho ZIDA, kinachovaliwa kama soksi. Na kuna vinavyopandikizwa kwa upasuaji mdogo chini ya ngozi ya mguu, kama eCoin, chenye ukubwa wa sarafu, kilichoruhusiwa mwaka 2022. Hivyo vya kupandikiza havihusiani na mkanda wa kuvaa, ingawa wauzaji hupenda kuvichanganya.

Kuna njia ya nne, nayo haina jina la kuvutia: mashine ya kawaida ya TENS. Ni kisanduku kidogo cha betri chenye nyaya na pedi za gundi, kinachotumika sana kupunguza maumivu ya mgongo na magoti, na baadhi ya idara za fiziotherapia katika hospitali zetu wanacho. Mtaalamu anaweza kuweka pedi moja juu ya kifundo na nyingine chini yake kuelekea kisigino, akapanga mapigo ya taratibu, mara nyingi 10 hadi 20 kwa sekunde, kwa nusu saa. Dalili kwamba umeme umeipata neva ni kuwashwa kama sisimizi kwenye unyayo, au kidole gumba cha mguu kujikunja chenyewe. Usikie mtekenyo, usisikie maumivu. Ukisikia kuchoma, nguvu imezidi au pedi imekauka.

Inafanya kazi kiasi gani?

Hapa tunawaomba msome polepole, kwa sababu ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Utafiti unaotajwa zaidi ni wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2010, na ulihusu tiba ya sindano. Watu wazima 220 wenye kibofu cha haraka waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata tiba halisi kwa wiki 12. Kundi la pili lilifanyiwa igizo: liliguswa, likawekewa nyaya, likahisi kitu mguuni, lakini neva haikuamshwa. Katika kundi la tiba halisi, asilimia 54.5 walisema wamepata nafuu ya wastani au kubwa. Katika kundi la igizo walikuwa asilimia 20.9.

Tazama namba hizo mara mbili. Ya kwanza inaonyesha kwamba tiba ina nguvu yake, kwani zaidi ya nusu walipata nafuu. Pia inaonyesha kwamba karibu nusu hawakuipata kwa kiwango hicho, pamoja na safari zao zote 12. Namba ya pili inatuambia jambo ambalo kila mnunuzi wa dawa za mnadani anapaswa kulijua: mtu mmoja kati ya watano alipata nafuu kwa kuhudumiwa na kutumaini tu. Kwa hiyo jirani akikuambia "mimi umenisaidia", hadanganyi, lakini ushahidi wake hautoshi kuuzia mbuzi.

Kwa pedi za juu ya ngozi, tafiti nyingi ni ndogo zaidi, na matokeo yanatofautiana. Nyingi zimeonyesha nafuu kwa watu wenye kibofu cha haraka. Lakini Uingereza walifanya utafiti mkubwa katika nyumba za kulelea wazee, wakazi 406 ambao mkojo ulikuwa unawatoka. Walipewa vipindi 12 kwa wiki 6, wengine tiba halisi na wengine igizo. Matokeo yalitolewa mwaka 2021, na tiba halisi haikuishinda igizo. Wazee wale walikuwa na umri mkubwa na magonjwa mengi, na mkojo wao ulikuwa unatoka kwa sababu mbalimbali, si haraka peke yake. Kwa hiyo haina maana kwamba pedi hazimsaidii mama wa miaka 50 anayetembea na kufanya kazi. Ina maana kwamba hazimsaidii kila anayelowa.

Na anayesaidiwa hasaidiwi siku ya kwanza. Mabadiliko huanza kuonekana baada ya wiki kadhaa, na ukiacha kabisa dalili hurudi polepole. Ni kama palizi. Anayekuahidi kupona kwa siku tatu anazungumzia kifaa kingine tusichokijua.

Wasiopaswa kujiwekea

Mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo kilichopandikizwa kifuani asiguse kabisa. Mjamzito asitumie. Mwenye kidonda au ngozi iliyochubuka kifundoni asubiri ipone. Mwenye mguu uliovimba ghafla na kuuma upande mmoja aende hospitali, kwa sababu huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa. Mwenye kifafa, au mwenye vyuma mguuni baada ya kuvunjika, au mwenye kisukari kilichomfanya asihisi nyayo, aongee na daktari kwanza. Asiyehisi anaweza kuungua bila kujua.

Fundi mmoja wa redio, rafiki wa kipindi chetu, alituuliza kwa nia njema kama hawezi kuwatengenezea watu kifaa hicho kwa chaja ya simu na nyaya. Hapana. Umeme wa kwenye soketi unaua, na chaja mbovu inaweza kuupitisha. Hata wa betri, usiporatibiwa, unachoma ngozi.

Kabla ya kifundo, chupa ya mkojo

Tulipomuuliza mama yetu wa dagaa kama amewahi kupimwa mkojo, alisema hapana. Miaka mitatu, na hajawahi kuingia zahanati kwa jambo hilo, kwa sababu anayepokea wagonjwa pale ni kijana wa jirani yake. Tunaelewa. Lakini magonjwa kadhaa huvaa sura ya kibofu cha haraka, na mengine yana tiba rahisi.

La kwanza ni UTI, ambayo kwa kawaida huja na maumivu au kuungua wakati wa kukojoa. La pili, kwa sisi wa Kanda ya Ziwa, wa pwani na wa visiwani, ni kichocho cha mkojo. Vijidudu vyake huingia kupitia ngozi mtu anapooga, anapovua au anapolima mpunga kwenye maji yenye konokono wanaovibeba. Mayai yake hujeruhi ukuta wa kibofu, na dalili inayojulikana zaidi ni damu, hasa mwisho wa kukojoa. Tiba yake ni vidonge vya praziquantel. Kumvalisha mkanda wa umeme mtu mwenye kichocho ni kuacha kibofu kiendelee kuharibika huku yeye akihesabu wiki 12.

Kisukari nacho huleta mkojo mwingi, na hapa kuna kipimo unachoweza kufanya nyumbani. Chukua kikombe au jagi lenye alama za mililita, libakie kwa kazi hiyo tu, na upime kila unapokojoa kwa siku moja nzima. Kama jumla inakaribia lita 3 au zaidi, na hujajijaza maji, tatizo huenda si kibofu. Ni wingi wa mkojo wenyewe, na unahitaji kupimwa sukari. Kama kila safari unatoa vijiko vichache tu, hapo kibofu ndicho cha kuulizwa.

Kwa wanaume, tezi dume iliyokua huleta haraka pamoja na mkojo mwembamba, unaokatika au unaochelewa kuanza. Kwa mwanamke ambaye mkojo humvuja mfululizo, mchana na usiku, bila hata kubanwa, na hali ilianza baada ya uchungu mrefu wa kujifungua, hiyo huenda ni fistula. Hiyo hutibiwa kwa upasuaji, na hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam huwatibu kina mama hao bila malipo. Na yeyote mwenye damu kwenye mkojo, homa na maumivu ya kiuno, mkojo uliogoma kutoka, au miguu iliyolegea ghafla pamoja na ganzi sehemu za siri, asisubiri kipindi kijacho. Aende leo.

Yasiyouziwa mbuzi

Vipimo vikionyesha kwamba kweli ni kibofu cha haraka, tiba ya kwanza popote duniani si umeme. Ni kukifundisha kibofu upya, na haina gharama. Kwa siku tatu andika saa ulizokojoa na ulichokunywa. Ukiona kwa kawaida huenda kila saa moja, jipangie saa moja na robo kwa wiki nzima. Wiki inayofuata ongeza robo nyingine. Haraka ikija kabla ya wakati, usikimbie, maana kukimbia kunaizidisha. Simama au kaa, kaza mara tano au sita misuli ile unayoitumia kuzuia mkojo na upepo, vuta pumzi taratibu, ngoja wimbi lipite, ndipo utembee. Watu wengi hushangaa kwamba wimbi hupita kweli.

Misuli hiyo inahitaji mazoezi pia: kaza, hesabu hadi tano, legeza, rudia mara kumi, mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu angalau. Unaweza kufanya ukiwa umeketi unachambua mchele na asijue mtu. Chai ya rangi, kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu vipunguzwe, hasa jioni. Maji yasipunguzwe kupita kiasi. Mama yetu alikuwa anajikausha, na mkojo mzito huwasha kibofu na kukifanya kidai zaidi. Choo kigumu nacho hubana kibofu, kwa hiyo mboga na matunda vina kazi yake hapa.

Yakishindikana, kuna vidonge kama oxybutynin, tolterodine na solifenacin. Hutuliza misuli ya kibofu, lakini hukausha mdomo, hufunga choo, na kwa wazee vinaweza kuleta kuchanganyikiwa. Mirabegron haina shida hizo kwa kiwango hicho, ila mwenye presha ya juu lazima asimamiwe. Ni baada ya hatua hizi, au pale dawa zisipovumilika, ndipo mazungumzo ya kifundo yanapoanza, na kwa wengi wetu yataanza na mashine ya TENS ya hospitali, si mkanda wa Ohio.

Anayeuziwa kifaa chochote cha tiba ana haki ya kuuliza kama kimesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na ya kuona jina la mtengenezaji, maelekezo na risiti. Mtu anayetaka pesa kwanza kwa simu, na kifaa "kiko njiani", hata jina la kifaa hajakutajia.

Mama wa dagaa alikwenda kituo cha afya cha kata ya jirani, ambako hajulikani. Mkojo ulikuwa safi, sukari iko sawa. Sasa yuko wiki ya tano ya kukifundisha kibofu, na ametuandikia kwamba ameshafika saa mbili kasoro robo mchana. Usiku bado anaamka mara tatu. Ameandikiwa kwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia hospitali ya mkoa mwezi ujao, na atauliza huko kuhusu pedi za kifundoni. Tumemwomba atueleze watakachomwambia.

Ukitaka kutuuliza jambo kuhusu mada hii, tutumie ujumbe ukitaja umri, kama ni mwanamke au mwanaume, na hali imeanza lini. Jina si lazima. Maswali ya usiri hatuyasomi hewani bila ruhusa yako.